Gesi Kwenye Kisima Chetu

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwagilia mboga zangu za kuuza, chainizi na mchicha. Foleni ya ndoo ipo kama kawaida, Mama Yusufu wa kwanza, anapiga soga mpaka ndoo inafurika. Kisima ni chetu, kipo hapa nyumbani Misigiri, lakini nusu ya kitongoji wanakunywa kwetu. Sijamnyima mtu. Kinanipa raha.

Leo kaja dada mtafiti wa maji, Hawa. Kamwamkia mama mkwe vizuri, akapewa kigoda. Anapima visima vya majumbani vilivyochimbwa kwenye miamba. Anatafuta mionzi. Nikacheka. Nilidhani mionzi ni ya hospitali. Kumbe mawe yenyewe yanayo, na yanatoa gesi inaitwa radoni. Haionekani, hainuki, inajificha kwenye maji. Mama mkwe kanuna. Anasema maji haya ndiyo yaliyomponya magoti.

Hawa kajaza chupa akiwa ameizamisha kwenye ndoo. Kikabaki kiputo cha hewa, gesi ingekimbilia humo, akamwaga, akaanza upya. Kikabaki tena. Akaanza upya. Nimempenda kwa hilo.

Jumatano, 10 Julai

Umbea umefika gulioni kabla yangu: kwa mume wangu Daudi kumepatikana madini ya urani! Binamu yake katoka Kiomboi mbio kutukumbusha kwamba shamba hili lilikuwa la babu yao. Kala ugali, kaongezewa, kala tena. Dalali naye kapiga picha pampu yetu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumanne, 16 Julai

Hawa kapiga simu. Urani imo kidogo sana, haina neno. Radoni imezidi kiwango.

"Mama, usiogope wala usikifukie. Maji yakipigwa hewa, gesi inatoka yenyewe. Ila itokee nje, isitokee ndani ya nyumba."

Kuivuta miaka na miaka ndiko kunakoharibu mapafu. Bafu letu la ndani halina dirisha. Nimeogopa.

Daudi anataka tunyamaze mpaka tutengeneze. Nimekataa. Watu wana watoto. Tumegombana juu ya chai, tukanuniana mchana kutwa.

Jumatano, 17 Julai

Nimewaambia kwenye foleni. Mama Yusufu kamwaga ndoo yake chini, mbele yangu, akaondoka. Wengine wakamfuata.

Alhamisi, 18 Julai

Hakuna mtu. Hata mchicha haujanunuliwa. Mama mkwe kaweka kigoda kinachotazama barabara, anakunywa kikombe baada ya kikombe. Kila anayepita anaambiwa, "Niangalie vizuri nikifa!" Nina hasira na huzuni, lakini huyu mama ananiua kwa kicheko.

Jumamosi, 20 Julai

Kazi imeanza. Hawa kaja na mchoro. Tangi litakaa nje juu ya mnara. Ndani yake, juu, bomba lenye matundu, maji yaanguke kama mvua. Feni ndogo inapuliza hewa kutoka chini, bomba jingine linatoa gesi juu kabisa, mbali na madirisha. Daudi alianza kwa kununa. Alipoona mchoro akasahau. Mabomba ndiyo mapenzi yake.

Binamu karudi kuulizia mgodi. Daudi kamkabidhi beleshi. Kachimba msingi wa mnara mpaka jioni, anatafuta urani kwenye kila beleshi. Kapata mawe.

Jumatano, 24 Julai

Tumetoboa ukuta wa bafu. Sasa lina dirisha. Pia lina jogoo, kaingia humo humo, hataki kutoka.

Jumapili, 28 Julai

Imewashwa! Ukiweka sikio kwenye tangi unasikia masika ndani. Hawa kachukua maji mengine ya kupima. Sasa tunasubiri. Sipendi kusubiri. Nimepalilia hata pasipo na magugu.

Jumatano, 7 Agosti

Majibu. Radoni imeshuka, ipo chini kabisa ya kiwango. Nimepiga vigelegele peke yangu katikati ya mchicha. Hawa anasema tupime tena kila mwaka, na feni isizimwe.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Wengi wamefurahi, wawili wamerudi na ndoo leo leo. Mama Yusufu alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso. "Nitafikiria," basi. Imeniuma kuliko ile ndoo.

Jumatatu, 12 Agosti

Foleni imerudi, na kelele zake. Mama mkwe anajitapa kwamba yeye hakukimbia. Mama Yusufu bado.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama Yusufu kaja jioni. Hana ndoo. Kakaa jikoni kwangu, tukamenya karanga.

"Siku ile uliogopa?"

"Nilitetemeka."

"Niliona. Nikakukasirikia wewe badala ya mwamba."

Kumbe kaka yake kule Sepuka ana kisima cha mwamba pia. Hataki kipimwe, anahofia watu watamkimbia. Dada mtu kamsihi, hasikii. Ananiomba mimi nikaongee naye.

Tutakwenda Jumatatu, sisi wawili. Nimeshamwomba mama mkwe aniangalizie kuku. Karanga nyingine nimezifunga, tutatafuna kwenye basi.