Mapigo Sita Yasiyo Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Kengele, ndivyo ninavyojulikana na kila mtu
Umri: miaka 67
Kazi: mtunza stoo na mpiga kengele wa shule
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya karakana ya shule
Tarehe: Ijumaa, tarehe 17, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi

Naandika kwa mkono wangu. Afisa alisema, "Mzee, wewe sema, mimi nitaandika." Nikamwambia nimeshika nyundo miaka thelathini na moja, kalamu itanishinda kwa uzito gani. Herufi zikilala ni zangu.

Kengele yetu ni ringi ya lori. Imening'inizwa kwa mnyororo kwenye baraza nje ya stoo, na nyundo yake hukaa kwenye ndoano pembeni. Pigo moja ni kubadili kipindi, matatu ni mapumziko, manne ni kwenda nyumbani. Tisa ya polepole ni hatari, watoto wote watoke waende uwanjani. Tisa yalipigwa mara moja tu kabla ya wiki hii, siku karakana ya zamani ilipoungua, miaka thelathini na moja iliyopita, na niliyeyapiga ni mimi. Watoto mia tatu walitoka wazima. Muulizeni yeyote, shule nzima inalijua hilo, hata walimu wa juzi juzi wanalijua.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nyuma ya maabara kwenye tangi la maji, nimemshikia ngazi fundi bomba. Nilikuwa nimevaa koti langu la kaki. Fundi ni mtu wa utani. Aliniambia akiwa juu, "Mzee, hiyo ngazi ishike kama unavyoshika sifa zako, hapo sitaanguka kamwe."

Saa tano na robo nikasikia kengele. Mapigo mawili mepesi, yamelegea, kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa. Fundi akasema, "Mzee, wewe uko hapa. Nani anapiga?"

Kabla sijajibu likaja pigo zito. Nikahesabu, maana masikio yangu huhesabu yenyewe. Tisa.

Niliiacha ngazi na fundi juu yake, nikakimbia. Njiani nilipishana na watoto wanamiminika kwenda uwanjani. Kwenye ngazi za ghorofa mmoja wa darasa la chini alianguka akavunjika mkono, hilo nililisikia baadaye. Nilipofika barazani hapakuwa na mtu. Nyundo ilikuwa kwenye ndoano, imetulia. Kwenye mpini kulikuwa na kipande cha uzi wa nailoni kilichokatika, urefu wa shibiri moja. Nilipoushika mpini ulikuwa na joto, kama umetoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

Tarehe 15, Jumatano, kila mwenye simu alikuwa na video ya kengele hiyo ikipigwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kwa nini nimepiga kengele ya hatari. Nikasema sikupiga. Akasema, "Mzee, dunia nzima imekuona, mgongo wako na koti lako." Nikamwambia dunia nzima iende ikamuulize fundi bomba, ambaye hajanisamehe mpaka leo.

Fundi alikwenda akathibitisha. Hapo mzigo ukamwangukia binti mmoja wa darasa la mwisho, wenzake wanamwita Kidoti. Yeye ndiye aliyefunga uzi.

Tarehe 16, Alhamisi, saa nne asubuhi, huyo binti alinifuata stoo. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kunipiga picha tena?"

Akasema hapana. Akasema alitaka mzaha tu. Alifunga uzi kwenye nyundo, akajificha kwenye chumba cha ramani, na simu akaiegesha dirishani ng'ambo ili anirekodi nikirudi na kukuta nyundo inacheza peke yake. Alivuta mara mbili kujaribu, uzi ukakatika. Aliposikia kengele inaendelea alidhani nimerudi, akakimbilia uwanjani na wanafunzi wengine. Jioni akairusha video kwenye kundi la darasa kabla hajaiangalia hadi mwisho.

"Watu elfu sitini wameiangalia, Babu."

"Elfu sitini wameuona mgongo wa nani?"

"Wako."

"Mgongo wangu mimi siujui. Hebu tuuone."

Hakucheka. Akasema, "Mtihani ni Jumatatu. Mwalimu mkuu anasema kulikuwa na wenzangu wawili, mmoja amevaa koti kama lako. Nisipowataja sikanyagi shuleni tena. Nitamtaja nani? Jana nilishafungua mdomo nimtaje rafiki yangu, hivi hivi tu, ili yaishe."

Tukaiangalia video. Nyundo inapiga mara mbili, uzi unakatika. Kisha anaingia mtu kutoka kushoto, amevaa koti la kaki, mgongo kwetu. Anaishika nyundo.

"Si wewe huyo, Babu?"

Nikamwambia akuze picha kwenye bega. Koti langu lina kiraka cha bluu begani, nilikishona mwaka jana. Hilo la kwenye simu halikuwa na kiraka. Na nyundo ilikuwa mkono wa kushoto.

Alipiga sita. Kwenye la sita akashuka polepole nyuma ya ukuta mfupi wa baraza, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na hakuinuka. Video ikabaki tupu. Nilihesabu pumzi nane. Halafu kutoka nyuma ya ukuta ukapanda mkono wa kulia umeshika nyundo, mkono mwembamba wa kijana, na shati la mistari. Ukapiga matatu.

"Babu, unamjua huyo?"

"Simjui."

"Unamjua."

Shati hilo nilikuwa nalo zamani.

Pale juu nimeandika kwamba tisa ya siku ya moto niliyapiga mimi. Nilitaka kukata, afisa akasema hapa hakukatwi, huandikwa chini. Basi naandika chini.

Siku ile mpiga kengele alikuwa mzee aliyenitangulia. Alitumia mkono wa kushoto. Koti hili lilikuwa lake. Moshi ulijaa barazani na yeye akaendelea kupiga, mimi nikiwa kibarua wake nimejikunja pembeni. Kwenye la sita akaanguka. Mimi nilibaki pale pale kwa pumzi nane, naogopa. Kisha nikaitoa nyundo mkononi mwake, nikapiga matatu. Watu walipofika walinikuta mimi ndiye nimeishika, wakanibeba mabegani. Nilipoulizwa nimepiga mangapi nikasema tisa. Mzee alipokutwa amekufa mlangoni mwa stoo, ikasemwa alikuwa amelala moto ulipoanza. Mjane wake alikuja kuniuliza kama ni kweli alikufa usingizini. Nilitazama chini, akaondoka.

Hili la sita na matatu sijamwambia mtu yeyote, si mke wangu, si wanangu. Kwa hiyo hakuna mtoto wa kuliigiza. Huyo binti alivuta uzi mara mbili, na mkono wa yule mtoto ulivunjika kwenye kengele ambayo binti hakuipiga. Hana wa kumtaja. Mwacheni akafanye mtihani.

Haya ndiyo maelezo yangu, na safari hii sikujiongezea hata pigo moja.

Sahihi: Mzee Kengele, mpiga kengele wa pili

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, akamaliza saa nne na dakika tano asubuhi. Ringi na nyundo vililetwa kituoni jana alasiri kama vielelezo. Ringi imelazwa sakafuni katika stoo ya vielelezo, mlango una kufuli na ufunguo ninao mimi. Nyundo ilikuwa mezani kwangu muda wote.

Shahidi alipokuwa akitia sahihi, sote wawili tulisikia chuma kikigongwa ndani ya stoo hiyo. Mapigo sita, polepole. Kisha kimya. Shahidi aliinuka, akachukua nyundo kwa mkono wa kulia na kuniomba nimfungulie. Nilimfungulia. Ndani hapakuwa na mtu. Alipiga magoti, akaigonga ringi mara tatu, akarudisha nyundo mezani. Sikumzuia.

Nimempigia simu mwalimu mkuu. Mwanafunzi atafanya mtihani wake Jumatatu. Shahidi ameomba aelekezwe anapoishi sasa mjane wa mpiga kengele wa kwanza, na nimempa askari wa kumsindikiza.

Afisa mpelelezi, zamu ya asubuhi