Kwenye Fomu Tuliandika "Mungu Anajua"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimechanganyikiwa hadi leo nimetia chumvi kwenye chai, mimi ni katibu wa shirika dogo la hisani linaloazimisha wagonjwa magongo na viti vya magurudumu, mwenyekiti ni mama mkwe wangu, chumba chetu kiko nyuma ya karakana ya seremala, na kila mwaka tunatakiwa kumpelekea msajili taarifa, tulipokea nini, tulikitumiaje, viongozi ni nani, sasa mama hataki, anasema, "Sadaka ya kweli, mkono wa kushoto hauijui," nikamsihi akakubali shingo upande, lakini kwenye fomu, penye shughuli za mwaka, akanisimamia niandike "Mungu anajua", na penye idadi ya waliosaidiwa vilevile, nami mkwe ningesema nini, nikaandika. Fomu ikarudi. Chini ofisa wa msajili ameandika kwa wino mwekundu: "Na sisi tungependa kujua."

Mama amenuna, anasema tumedhihakiwa, mume wangu nikimuuliza anajibu, "Hayo ni yako na mama, msinitie katikati," nami sielewi, kuandika ni kujisifu au ni wajibu, maana mwezi huu ukiisha bila taarifa usajili unafutwa, na hospitali inayotupatia viti haitoi kitu kwa shirika lisilosajiliwa, nikipeleka kwa siri nimemkosea mzazi, nisipopeleka, yule fundi viatu aliyekatwa mguu na kuahidiwa kiti atabaki kitandani. Naogopa, mshauri. Nifuate lipi?

Katibu Mkwe

Katibu Mkwe, pole, na hiyo chai imwage.

Mama mkwe wako ni mtu mwema, na amekosea. Mtoaji anaweza kuficha mkono wake akitaka. Lakini viti kavitoa nani? Hospitali. Nyinyi ni wabebaji, na hata aliyebeba sufuria za jirani kwenye shughuli huulizwa zimerudi ngapi. Hakuna anayemwita mwenye majivuno kwa kujibu.

Wewe nawe nakulaumu. Jikoni kwa mama wewe ni mkwe, ukishika kalamu wewe ni katibu. Ulijua jibu lile halifai, ukaliandika, ukaita hiyo heshima.

Usipeleke kitu kwa siri, utavunja shirika na nyumba pamoja. Mwambie mama fomu haitaki majina ya wagonjwa, inataka idadi yao na majina yenu. Kaeni kwenye chumba cha viti, yeye ataje vilivyotoka, vilivyorudi na vilivyovunjika, wewe uandike, asomewe, atie sahihi. Mumeo asiyetaka kutiwa katikati ndiye aipeleke kwa msajili, wiki hii.

Mama akisusa tena, usibishane naye. Mshike mkono mwende kwa fundi viatu, umkalishe kando ya kitanda, na amweleze kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini kiti hakiji. Mungu anajua, ni kweli. Fundi viatu hajui.