Bosko wa Kabazi, Uliyenyunyiziwa Dawa ya Ng'ombe

Mwaka umetimia, Bosko, tangu tukuzike nyuma ya boma la ng'ombe hapa Kabazi, na hasira ya Mama haijapoa. Watu watashangaa kuona tangazo la kumkumbuka mbwa. Washangae. Kuna binadamu wamezikwa kwa hema na vipaza sauti na hawakufanya nusu ya kazi yako.

Kila alfajiri ulimsindikiza Chepkurui, mama yetu, kupeleka maziwa, ukitangulia na kumngoja kwenye kona. Ulilala mlangoni mwa boma na hakuna ndama aliyepotea. Tabia mbaya ulikuwa nayo moja tu, kuiba akala, vile viatu vya tairi, za jirani, mzee Ogada, na kutuletea kama zawadi. "Huyu mbwa nitamfunza adabu," Ogada alikuwa akisema, halafu anakurushia mfupa.

Jumamosi ni siku ya kunyunyizia ng'ombe. Siku ile baba yetu, Kipkemboi, alibeba pampu mgongoni, na kwa kuwa kupe walikuwa wameizoea dawa, aliichanganya kali kuliko kawaida, kwa kukadiria tu. Ng'ombe wakaisha, dawa ikabaki. Baba hamwagi kitu. Akakuita.

Mama alikuwa anafua. "Baba Chelagat, hiyo ni ya ng'ombe," akamwambia. "Mbwa anajiramba."

"Dawa ni dawa, kupe ni kupe," Baba akajibu, akakulowesha kuanzia masikio. Nawe ulisimama ukitikisa mkia, kwa sababu ni yeye aliyekuita.

Kabla ya chai ya jioni ulikuwa unatokwa na mate, miguu ikitetemeka. Baba akaagiza maziwa, kama tunavyofanya hapa siku zote mnyama akila sumu. Mama akakushika kichwa, akakunywesha. Joan, daktari wa mifugo, alipofika ulikuwa umeshakata roho.

"Maziwa hayaoshi dawa iliyo kwa manyoya," akasema. "Mngemwosha na sabuni na maji mengi, halafu mnipigie simu hapo hapo. Hayo maziwa mngeweka kwa chai." Maneno hayo yamemkaa Mama kooni mpaka leo.

Na Baba? Jumapili, nje ya kanisa, aliwaambia watu kwamba Ogada alikutupia nyama yenye sumu. Wakaamini, kwa sababu ya zile akala. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hapa Kabazi imetembewa mwaka mzima, na Ogada hasalimiwi. Uongo huo unamuuma Mama kuliko kifo chako, na hafichi. Pampu ameifungia stoo. Baba akitaka kunyunyizia ng'ombe huomba ufunguo kwake, naye husimama pale mpaka pampu ioshwe na kurudishwa.

Wanaokukumbuka ni Chepkurui, uliyekuwa ukimngoja kwenye kona, na watoto wake Chelagat, Gedion na Jepleting.

Baba aliomba jina lake litangulie, kwa vile yeye ndiye mwenye boma. Mama akamwambia, "Nenda kwanza kwa Ogada, umwambie ni wewe." Baba alivaa koti, akafika kwa geti ya Ogada, akasimama, akarudi. Kwa hivyo jina lake halipo kati ya wanaokukumbuka. Sisi wengine, Bosko, hatutakusahau maishani.