Karatasi ya Mikunjo Kumi na Miwili

Bengamisa, Alhamisi 20 Novemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa, Yaya Zaina,

Assalam alaykum. Habari za hapo mtaani Tshopo, habari za afya, habari za mama mkwe na magoti yake? Huku kwetu tuko wazima, Alhamdulillahi, ila wanafunzi wangu wameambukizana mafua na mwalimu naye kapata fungu lake.

Naandika barua kama wazee wa zamani kwa sababu simu yako imezimwa tangu tulipomzika shemeji Moussa. Mama Berthe, yule anayeleta ndizi mjini kila Ijumaa, amekubali kuibeba, na harudi huku mpaka Jumapili. Basi nijibu, hata mistari miwili.

Yaya, Desemba inakaribia. Miaka kumi na tisa sisi watatu tumepangiana vitabu vya mwaka: shemeji akikupangia wewe, wewe ukinipangia mimi, mimi nikimpangia yeye. Kitabu kimoja kwa mwezi, karatasi inakunjwa mikunjo kumi na miwili, na ni mwiko kufunua mwezi ambao haujafika. Safari hii mimi sina wa kumpangia na wewe huna wa kukupangia. Niruhusu nikuandikie yako. Vitabu alivyokuwa akiuza pale karibu na Posta vimo chumbani mwako kwenye magunia, kwa hiyo hata eda haikuzuii.

Mdogo wako,
Lukumani


Kisangani, Jumapili 23 Novemba 2025

Kwa leki yangu, mdogo wangu Lukumani,

Wa alaykum salam. Pole na mafua, kunywa mchaichai wa moto. Mimi ni mzima. Mama mkwe ni mzima, magoti ndiyo yale yale.

Simu nimeizima kwa sababu watu wanalia ndani yake na mimi sina machozi ya kuwarudishia. Siku ya maziko wanawake walikuwa wakinitazama machoni. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mama halie, iko na roho nguvu." Si roho ngumu, leki. Hakuna kitu tu. Naamka, naswali, napika pondu, nakula, na ukiniuliza kama ilikuwa na chumvi sijui.

Magunia yapo. Nayatumia kukalia. Usiniandikie orodha. Mwenye kuniandikia alikuwa Moussa. Na yako sijaiandika, uniwie radhi. Nilianza, nikaandika "Januari", nikaishia hapo.

Dada yako,
Zaina


Bengamisa, Alhamisi 4 Desemba 2025

Kwa Yaya Zaina,

Assalam alaykum. Vipi hali? Mafua yamekwisha. Mke wangu Rachida anakusalimu sana, na mkungu huu wa ndizi ni yeye aliyeuchagua, akanikataza nisiuguse.

Nilimuuliza Mama Berthe amekuonaje. Nakuandikia alivyosema: "Bon, dada yako iko muzima, anakula, anajibu. Lakini mutu mwenyewe hayuko mule." Yaya, sikulala vizuri kwa maneno hayo.

Njoo ukae kwetu eda ikiisha. Mke wangu ameshafagia chumba cha nyuma. Cherehani yako itapanda lori pamoja na wewe, na mafundi wa nguo hapa ni wawili tu, mmoja anashona mikono isiyolingana. Na kama hutaki orodha nzima, basi kitabu kimoja. Wewe uliyekuwa ukisoma huku unakoroga sufuria! Niambie tu ungependa kusoma nini, tuseme, mwezi wa tatu.

Mdogo wako,
Lukumani


Kisangani, Jumapili 7 Desemba 2025

Kwa leki Lukumani,

Wa alaykum salam. Nzima. Ndizi zimefika, mwambie Rachida asante.

Kuhamia Bengamisa, sijui. Kubaki hapa, sijui. Unaniuliza nitasoma nini mwezi wa tatu, na mimi mwezi wa tatu siuoni. Nikitazama mbele naiona kesho, halafu basi. Sikwambii ili uogope. Nakwambia kwa kuwa umeuliza.

Usimtume Mama Berthe kunichunguza. Ana mizigo ya kumtosha.

Zaina


Bengamisa, Alhamisi 18 Desemba 2025

Kwa dada yangu Yaya Zaina,

Assalam alaykum wa rahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama mkwe. Sisi hatujambo.

Nina neno la aibu. Unakumbuka mwezi wa nane shemeji alipokuja huku kununua vitabu vya yule mwalimu aliyekuwa anahama? Jioni yake aliniachia bahasha. Akasema, "Leki, hii ni ya dada yako. Mwaka huu nimewahi. Nikiiweka nyumbani ataiona, donc uikamate wewe, utamupa Desemba." Niliitia ndani ya kamusi. Kisha mambo yakatokea kama yalivyotokea, na ikanitoka kabisa akilini. Juzi nilifungua kamusi kutafuta neno nikaikuta.

Sijaifunua. Ni yako. Sheria zake unazijua, Januari isubiri Januari. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mdogo wako,
Lukumani


Kisangani, Jumapili 11 Januari 2026

Kwa leki yangu mpendwa,

Wa alaykum salam wa rahmatullah. Mko wazima? Rachida je? Wanafunzi wamerudi wote baada ya likizo?

Bahasha niliiweka juu ya kabati nikawa napita chini yake. Tarehe mosi, baada ya alfajiri, nikafunua mkunjo wa kwanza. Mwandiko wake, Lukumani! Zile herufi zenye mikia mirefu. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa.

Kanianzishia ile riwaya ya ndugu wawili wanaogombania kinu cha baba yao. Niliipata gunia la tatu. Nimefika ukurasa wa arobaini. Sisemi nimefurahi, usije ukamwambia Rachida dada amepona. Lakini jana niliungua kidole kwenye sufuria nikasikia maumivu, nikashangaa.

Eda inaisha tarehe 22. Siku hiyo nitakwenda sokoni mwenyewe. Habari ya Bengamisa ingoje, nataka kwanza nione Moussa kanipangia nini mwaka mzima. Februari natamani kuichungulia na najizuia kama mtoto.

Niandikie.

Dada yako,
Zaina


Kisangani, Jumapili 1 Februari 2026

Lukumani,

Salamu utazipata nikipoa.

Ijumaa tatu Mama Berthe amekuja na ndizi bila barua. Mimi nikafikiri ni kazi za shule. Leo nimefunua Februari, nimejua kwa nini kalamu ilikuwa nzito.

Februari umeandika ile riwaya ya kurasa mia nne. Februari! Ramadhani inaingia mwezi huu, na wewe, Muislamu mzima, hukukumbuka. Sasa nikwambie jambo ambalo hatukuwahi kukwambia kwa kuwa lilikuwa letu wawili. Mwezi unaoingia Ramadhani, Moussa hakunipangia kitabu hata siku moja. Aliuacha mtupu, kwa sababu mwezi huo tulisoma juzuu moja kila siku baada ya alasiri, yeye aya na mimi aya. Miaka kumi na tisa. Wewe ulijua vitabu ni kumi na viwili kwa sababu orodha yako ilikuwa na kumi na viwili.

Nikafunua mikunjo yote. Yote imejaa. Nikaushika mwandiko karibu na dirisha. Bila shaka unafanana, si yeye aliyekushika mkono kukufundisha kuandika, hapa hapa sebuleni, ulipokuja kukaa kwetu darasa la tatu? Kumbe alikuwa anamfundisha mwizi wake.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimetupa kikombe, mama mkwe akaja na magoti yake akiuliza, "Kuko nini?" Nikamwambia leki wangu ni mwongo. Nikamwambia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, majirani wakatoka nje. Ulinirudishia mume wangu mwezi mzima, Lukumani, nikakaa naye, nikamngoja Februari. Halafu amekufa tena. Mara ya kwanza sikulia. Leo nimelia tangu saa mbili asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, nimelia kwa sauti, kamasi na yote, mama mkwe amenishika kichwa kama mtoto.

Najua ulifanya kwa woga. Najua mimi ndiye niliyekutia woga huo. Bado sijakusamehe, na sijui kama itakuwa kabla ya Idi.

Kwenu sihamii. Nitaanza kutandika vitabu kule Posta wiki ijayo, magunia yamenichosha kuyakalia. Ile ya kinu nitaimalizia, kwa sababu nataka kujua nani anakipata, si kwa sababu yako. Machi nitajichagulia mwenyewe.

Ijumaa panda lori na Mama Berthe uje. Usilete barua, usilete bahasha, lete uso wako. Nataka kukugombeza vizuri, na tangu Septemba sijagombana na mtu.

Dada yako,
Zaina