Kahawa ya Kukalia Kiti

5 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kazi ya kuwakorogea watu kahawa inaendaje? Mimi mzima, ila macho yananisumbua. Juzi nilifungua saa ya mteja nikaona skurubu mbili mahali penye moja. Daktari kapima: sukari imepanda tena. Anasema isiposhuka kabla ya kliniki ya Juni, macho yataharibika. Na fundi saa asiyeona ni fundi wa nini?

Kinachonishangaza, chai nainywa bila sukari, na mkate nimepunguza. Anasa yangu ni moja: alasiri naingia mgahawa wa kahawa jirani na kibanda changu, nachukua ile ndefu yenye mlima wa krimu na karameli. Na vijikaratasi vyao vya sukari sigusi hata kimoja! Wewe mwenye kazi hiyo nieleze, sukari inapitia mlango gani?

Baba yako

18 Machi

Baba, shikamoo.

Sijambo, miguu tu inauma kwa kusimama. Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wakauliza kulikoni, kisha nikaogopa. Baba, kikulacho ki nguoni mwako! Hiyo karameli ni sirapu, sukari tupu iliyoyeyushwa. Mimi mwenyewe naimimina kutwa, na kikombe kikiwa kikubwa naimimina zaidi. Krimu nayo imetiwa sukari kabla hujaiona. Vile vijikaratasi ni cha mtoto.

Ukifika sema: "Nipe kikombe kidogo, kahawa na maziwa, usitie sirapu, usiweke krimu." Ukitaka harufu, omba mdalasini juu. Usione haya. Mimi wateja wananiagiza makubwa kuliko hayo, na wala hawasemi tafadhali.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu. U mzima? Nilifanya ulivyosema. Mdalasini unanukia, sikatai. Lakini kile kikombe, mama, ni cha mdoli! Mafunda matatu, kwisha. Nikabaki na kikombe kitupu huku watu wanatafuta viti, nikaona haya, nikaondoka.

Nikafika nyumbani saa kumi na nusu. Tangu mama yako afariki, saa hiyo ndiyo mbaya. Ndipo alipokuwa akirudi kutoka kazini, anavua viatu mlangoni, anaanza kunisimulia habari za ofisi nzima. Sasa nasikia friji tu. Kile kikubwa nakinywa polepole mpaka giza linaingia, watu wanapiga soga kando yangu, nami najiona nina wenzangu. Basi nimerudia kile kile. Usinikasirikie.

Baba yako

15 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Nikukasirikie vipi? Nimelia stoo, katikati ya maboksi ya vikombe. Habari ya saa kumi na nusu hukuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza.

Hapa kwetu huja mama mmoja na sweta analofuma. Huagiza kahawa nyeusi ndogo, anakaa mpaka tunafagia. Tunampenda. Sijawahi kuchungulia kikombe chake kama kina kitu. Mwambie muuzaji wako ukweli, kwamba unataka kukaa. Omba na maji ya kunywa. Baba, nataka barua zangu uzisome mwenyewe, usije ukasomewa.

Binti yako

20 Mei

Baba, shikamoo.

Hali yako? Mwezi umepita sijapata barua. Ni macho? Nimeomba likizo, nakuja. Niandikie japo mstari mmoja.

Binti yako

12 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu tele. Nisamehe, mama, nimekutia hofu bure. Jana nilikuwa kliniki. Sukari imeshuka, macho yamesalimika, na daktari kanipa mkono. Nilichokosa ni nafasi ya kuandika.

Nilimwambia binti anayeuza pale mgahawani kwamba nataka kukaa. Akasema, "Babu, sisi tunauza kahawa, viti hatuuzi. Kaa." Baada ya siku chache akanikalisha na dereva mstaafu, mgane mwenzangu. Bwana huyu anapenda drafti, na anaiba kete huku anakutazama usoni! Tunabishana mpaka wanafunga. Naye ana sukari. Nimemfundisha kuagiza, na sasa anawafundisha wengine utadhani ujuzi ni wake.

Likizo usiifute. Nina hamu na wewe, njoo.

Jana jioni nilimfunga yule dereva mara tatu mfululizo. Tulipoinuka kuondoka, yule binti akiwa anafuta meza yetu, ndipo nilipokumbuka kwamba tangu alasiri sikuwa nimeagiza kitu.

Baba yako