Simu Iliyolia Darasani

Baba Agatha,

Ukirudi kuokota korosho, ugali wa muhogo nimeufunika, na kisamvu kimo sufuriani. Maji ya ndoo ya bluu ni ya kunywa. Usiyanawie miguu.

Mimi na Agatha tumekwenda shule. Unajua jana alirudi analia, kachapwa, kaambiwa asirudi bila mzazi, kwa sababu simu ililia kwenye begi lake darasani na wanafunzi wamekatazwa simu. Walimu walimwuliza ni mwanamume gani kamhonga. Hata mimi nilimwuliza hivyo hivyo! 

Leo asubuhi, ulipotoka tu, ndipo akafungua mdomo: "Ni ya baba, mama. Kaniwekea kwenye begi kwa kuwa kule shuleni mtandao unashika, ili baba mdogo akituma bei ya korosho kutoka Masasi, ujumbe uingie. Kaniambia nisimwambie mtu."

Kumbe! Mwanao kala fimbo kwa kuficha siri yako, na wewe jana ulikaa hapa hapa, ukanisikia nikimwita mhuni, ukamega tonge! Kile kichuguu wanachopanda wenzako kutafuta mtandao hukukiona?

Mimi sikusemei. Njoo useme mwenyewe mstarini, mbele ya walimu na wanafunzi wote, kwamba simu ni yako.

~~Shati jipigie pasi mwenyewe.~~ Shati jeupe nimelipiga pasi, liko kitandani. Livae, uje. Mwanao kasema haingii getini mpaka akuone.

Mama Agatha