Vipande vya Uso wa Raiyan

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Thuraya Aqil Husein
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: Langoni, Amu
Mbele ya: Mama mzazi, Bi Safaa

Ninaloanza nalo sijawahi kumwambia mtu, na mama aliyeketi hapa analisikia leo. Alasiri ninazosema nimebaki maktaba ya shule, huwa niko saiba, duka la intaneti la Bwana Hamdu. Nakaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nimejifunika uso nisijulikane. Bwana Hamdu havuki pazia hilo. Mteja akikwama, yeye huuliza kutoka upande wa pili, na mimi ndiye ninayeshika kompyuta. Ameulizwa na polisi ni msichana gani aliyekuwepo, akanyamaza, kwa sababu nilimwomba asinitaje. Sasa yuko ndani tangu juzi.

Mnamo Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, Bi Mahfudha alikuja kumwombea binti yake Raiyan pasipoti. Raiyan hafunui uso nje ya nyumba. Nilimsaidia mama yake kupakia picha. Mchana huo kivinjari kilikuwa kimejisasisha, na tangu hapo kurasa zilikuwa zikivurugika, mistari inapandana, herufi zinageuka viraka vyeusi.

Tukisubiri ombi lipokelewe, Bi Mahfudha alifungua ukurasa wa habari. Katikati ya habari za bei ya samaki likatokea jicho la Raiyan, kisha nusu ya kidevu.

Alisema, "Uso wa mwanangu wafanya nini kwenye habari za watu?"

 Badala ya kumweleza, niliingia kwenye mipangilio, nikazima sehemu inayokifanya kivinjari kichore kurasa kwa kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora yanayoonekana kwenye kioo, nikakifunga na kukifungua upya. Kurasa zikawa safi. Bwana Hamdu akauliza kama imekwisha, nikamjibu imekwisha. Bi Mahfudha akaelewa kwamba tumeusambaza uso wa binti yake na sasa tunafuta ushahidi, akaenda kushtaki, na polisi wakamkamata Bwana Hamdu na kuichukua kompyuta.

Leo, tarehe 16, nilimwomba mama anilete hapa kituo cha polisi. Konstebo Chelangat aliponisikiliza aliniuliza, "Kompyuta nayo huota?"

Nilimjibu, "Haioti, afande. Picha ya ukurasa mmoja inamwagikia mwingine, kwenye kioo tu."

Bi Mahfudha, aliyekuwa ameitwa, akasema nimefundishwa la kusema.

Niliomba kompyuta iliyochukuliwa iwashwe. Niliirudisha ile sehemu ilivyokuwa, nikafungua ukurasa wa habari, na kando yake picha yangu mwenyewe kutoka simu ya mama. Kisha nikachomoa waya wa mtandao, nikampa Bi Mahfudha aushike. Nilihama ukurasa huu hadi ule, na huu tena, na hakuna kilichotokea. Konstebo alianza kutazama mlango. Ndipo paji la uso wangu likajitokeza juu ya habari.

Bi Mahfudha aliutazama waya mkononi mwake. Akasema, "Basi uso wa mwanangu nao haukutoka humu."

Nilizima ile sehemu tena, nikafuta picha yangu, nikaketi karibu na mama.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Nimesomewa, nami nimeyakubali.

Sahihi: Thuraya A. Husein

Yameandikwa nami, Konstebo Chelangat, saa sita mchana. Mlalamishi ameondoa lalamiko. Bwana Hamdu ameachiliwa.